Nauli, njumu na ufunguo wa stoo: niliyojifunza kwenye kulinda watoto kituoni kwetu

Mimi kazi niliyoajiriwa ilikuwa ya hesabu. Kituo chetu kipo Mwanza, kinachukua watoto wa Igoma, Mabatini na pembeni pembeni huko, wadogo wana miaka 9 na wakubwa wanakaribia 18, jioni wanacheza mpira, Jumamosi wanasoma tuisheni, likizo tunaweka kambi. Nilikuwa naandika vocha, nabana risiti, namsubiri mkaguzi, basi. Halafu wafadhili wakasema kila shirika wanalolipa lazima liwe na mtu maalum wa ulinzi wa mtoto, kikao kikaitishwa, mkurugenzi akatuangalia wote akaninyooshea mimi kidole, sababu eti nina upole na watoto wananiita Anti. Ofisi nyingi ndo zinavyompata mtu wa ulinzi hivyo hivyo, na sisemi kwa kulalamika, maana kwangu kumbe ilikuwa bahati, nilikuwa nimeshaizoea kazi ya kuuliza hela hii imetoka kwa nani imeenda kwa nani na kwanini haina saini.

Nilipelekwa semina nikapewa sera, nikaisoma yote. Sera ilikuwa nzuri tu, inasema mtoto asidhalilishwe, asipigwe, asitumikishwe, kuna ukurasa mzima wa dalili za mtoto aliyefanyiwa ukatili. Lakini kilichonifundisha hii kazi kwa kweli ni daftari la peti keshi, yaani la hela ndogo ndogo za matumizi ya kila siku. Humo unakuta "nauli watoto sita, amechukua kocha", majina hamna, mtoto hajasaini, mzazi hajui. Na kingine kilichonishtua zaidi ni vile ambavyo havimo kabisa kwenye daftari, yaani njumu mpya miguuni kwa mtoto ambaye najua nyumbani kwao wanauza dagaa kwa fungu, soda, vocha za simu, sare ya shule, vyote vimetoka mfukoni kwa mtu na hakuna ofisi iliyoviona.

Sasa fikiria maisha ya hawa watoto. Mtoto anatoka Igoma anatakiwa apande daladala, nyumbani hakuna hela, na kocha hamlazimishi ila mechi ya kujaribiwa ni Alhamisi na asiyekuja hapangwi. Hapo mtu yeyote mwenye shilingi mia tano ya ziada mfukoni ndo anaamua mtoto kesho atakuja au hatakuja, atacheza au hatacheza, na mtoto anamjua huyo mtu, anajua pia mlango wa kumwendea uko wapi na saa ngapi. Wengi wetu tukiambiwa ulinzi wa mtoto tunawaza jitu la kutisha linavizia kichakani. Mimi niliyemuona alikuwa anapendwa na kila mtu, na alikuwa analipa nauli.

Ngoja niseme na hili mapema kabla sijaeleweka vibaya. Makocha wengi wanaotoa hela zao mfukoni ni watu wazuri sana, wengine nimewaona wanatembea kwa mguu kurudi nyumbani ili mtoto apande gari. Hilo ndo linalofanya kazi iwe ngumu, maana ukiwa nje huwezi kutofautisha. Huyu kanunua njumu kwa mapenzi, yule kanunua njumu kwa hesabu zake, na njumu ni zile zile, sokoni ni pale pale. Kwahiyo ukikaa unajaribu kusoma sura za watu utawaonea wazuri na utamkosa mbaya, nimeona mashirika yanafanya hivyo, wanashika mtu "ana macho mabaya" halafu yule mwenyewe yupo anaongoza sala ya kufungua kikao.

Kisa chenyewe nitakisimulia kwa kukikata kata, maana mji ni mdogo na mtoto yule bado anaishi humu humu. Alikuwa wa kiume, mdogo tu, anacheza beki. Alianza kuja na njumu nzuri, baadae simu ndogo, wenzake wakawa wanamtania "mtoto wa mwalimu", wanacheka, na yeye mwanzoni anacheka nao. Aliyekuwa anampa ni kijana wa kujitolea, sio kocha, alikuwa msaidizi, anatunza mipira na jezi, anabaki jioni kufunga stoo, wa kwanza kufika wa mwisho kuondoka, mtu wa kusaidia kila kitu bila kulipwa. Sisi wote tulikuwa tunamsifia kwenye vikao, na zile sifa zilikuwa za haki kwa kazi tuliyokuwa tunaiona.

Wa kwanza kuona ni mama anayetupikia. Sio mimi mwenye cheo, sio kocha, sio mwalimu wa tuisheni aliyesomea saikolojia. Mama yule aliniambia jikoni huku anachagua mchele, "Anti, yule mtoto siku hizi hapiti upande wa stoo kuchukua sahani, anazunguka nyuma kwenye matope." Hakuongeza neno. Alishamfuatilia muda, akaona mtoto anakubali kuchafua viatu vyake vipya kuliko kupita mlango ule.

Sikumwita mtoto ofisini. Ofisini kwetu ukiitwa umekosa, watoto wote wanajua hivyo, na kule semina walitufundisha kitu kimoja ambacho nakiheshimu mpaka leo, usimchimbe mtoto, usimuulize maswali ya kumwekea majibu mdomoni, kazi yako ni kuwa karibu na uwe na muda. Nikawa nakaa kwenye benchi la nje nafanya hesabu zangu pale, watoto wanapita wanakuja wanaondoka. Siku moja akaja akakaa, akauliza swali ambalo sitalisahau, "Anti, mtu akikupa kitu, ukitaka kukirudisha, ni lazima umrudishie na hela ya siku ulizokitumia?"

Hilo ndo lilikuwa tamko lake. Hakusema nimefanyiwa, hakulia, hakutaja jina, aliuliza bei. Na mimi mtu wa hesabu nililielewa kabla hajamaliza, mtoto alikuwa na deni, na alikuwa anatafuta namna ya kulilipa ili awe huru. Nikamjibu kwamba kitu alichopewa mtoto hakina deni, hata siku moja, hata mtu akisema lipo. Akakaa kimya, halafu akaanza kuongea mwenyewe, kidogo kidogo. Alichosema nimekiandika siku hiyo hiyo kwa maneno yake, sio kwa maneno yangu ya kiofisi, alivyosema ndivyo nilivyoandika, na saa, na mahali. Sitakieleza hapa kwasababu ni chake.

Aliniomba nisimwambie mtu. Hapa watu wengi wenye moyo mzuri wanaahidi, "sitamwambia mtu mwanangu". Usiahidi, maana huwezi kutimiza na ukimgeuka ndo umemfundisha kwamba watu wazima wote ni wale wale. Nilimwambia kuna watu wachache lazima wajue ili hili jambo liishe, nitakutajia kila mmoja kabla sijaongea naye, na wenzako hawatajua. Tukaanza na bibi yake, yeye ndo alichagua bibi awe wa kwanza.

Siku ile ile yule kijana alisimamishwa asikanyage kituoni, nikampigia afisa ustawi wa jamii, tukaenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kupimwa na kutibiwa, tukaenda hospitali. Naandika kwa mstari mmoja lakini ukweli ilikuwa siku ndefu mno, mtoto ana njaa, bibi miguu inamuuma, na tulikimbizana kwasababu kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ambazo zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, hujui kama utazihitaji mpaka daktari aseme, na kila saa mnayopoteza kwenye kikao cha "tujadiliane kwanza" ni saa ya mtoto. Kama kwenye shirika lenu hamjui leo hii nani ana namba ya afisa ustawi wa kata yenu, itafuteni wiki hii mkiwa mmetulia.

Maana kikao cha tujadiliane kilikuwepo. Mzee mmoja wa bodi, mtu ninayemheshimu, alisema jina la kituo litachafuka, mfadhili atajitoa, watoto wengine wote watakosa mpira kwa ajili ya mmoja, kijana ameshaondoka, tufunike kombe mwanaharamu apite. Na hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa, na hoja yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Nikamjibu kwa vitu viwili. Kwanza Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa, kwahiyo hatukuwa na kitu cha kupigia kura pale. Pili nikamuuliza, "Mzee, tukimwacha aondoke kimya kimya, atajitolea wapi mwezi ujao?" Hilo la pili ndo lilimfanya akae chini, sio sheria.

Na walikuja pia kwa bibi, ndugu wa yule kijana, kiungwana kabisa, na kitu kwenye bahasha. Kuyamaliza kifamilia ni jambo tumelelewa nalo na kwenye mambo mengine lina faida yake, mimi mwenyewe nimeona ndugu waliopatanishwa na wazee wakakaa vizuri miaka. Kwenye hili hapana. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza, "Nikinunua unga kwa hela hiyo, mjukuu wangu nitamwambia ale?" Wakaondoka. Nimehudhuria semina nyingi baada ya pale, sijawahi kumsikia mtaalam akilijibu suala la fidia vizuri kuliko yule bibi.

Kuna kitu nilikisikia sana wakati ule kwa watu wazima, tena wanawake wenzangu, "huyo ni wa kiume bwana, atasahau, angekuwa wa kike ndo ingekuwa shida." Jamani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na matokeo kutoka 2011 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 wamepitia ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana 1 kati ya 7. Mmoja kati ya 7! Timu ya mpira ina wachezaji 11 uwanjani na wengine benchi, hebu hesabu mwenyewe. Wavulana hawasemi kwasababu hata neno la kusemea hatujawapa, tumewapa la kutukania tu, mtoto akifikiria kusema anawaza ataitwa nani mtaani. Sisi kwenye mazungumzo na watoto sasa hivi tunaongea na wavulana waziwazi kabisa kwamba haya yanatokea kwa wavulana na aliyefanyiwa hajabadilika kuwa kitu kingine. Siku ya kwanza tulipoongea hivyo walicheka mno, halafu kicheko kikaisha, na wakaanza kuuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa amewahi kuwajibu.

Kesi ilichukua muda, iliahirishwa na kuahirishwa. Hukumu sitaizungumzia. Nitakachosema ni kwamba watu walimtisha bibi kwamba neno la mtoto peke yake sio ushahidi, na hilo sio kweli, kwenye makosa ya kujamiiana Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto mwenyewe ikiridhika kwamba anasema kweli. Mtoto anaahidi kusema ukweli na sio uongo, anasikilizwa. Watu wangejua hili wengi wasingekata tamaa mapema. Na nauli ya bibi na mtoto ya kwenda mahakamani kila tarehe ilitoka ofisini, kwa vocha, na saini, kwasababu nilishaona mashahidi wanavyopotea, wengine hawanunuliwi wala hawatishwi, wanashindwa tu nauli.

Baada ya hapo ndo tukakaa tukabadilisha vitu, na nilipigania kitu kimoja kuliko vyote, fadhila zote zitoke mikononi mwa mtu mmoja mmoja ziende mezani. Nauli ina daftari lenye jina la mtoto, mzazi anajua mtoto wake yupo kwenye orodha na anapewa kiasi gani, inatolewa mchana kweupe na mtu wa hesabu sio kocha. Njumu zinanunuliwa na kituo au zinaletwa na wasamaria zinaingia stoo, siku ya kugawa wanagawiwa wote wakiwa pamoja kwa zamu, asiyepata leo anajua zamu yake lini. Mfanyakazi au mtu wa kujitolea akitaka kumsaidia mtoto fulani anakaribishwa sana, aje aweke hela ofisini, jina lake halitajwi kwa mtoto. Hapo ndo utaona. Mtu mwenye nia njema atanung'unika siku mbili halafu ataleta hela. Mwenye nia nyingine hela yake inapoteza kazi, haiwezi kununua tena kile ilichokuwa inanunua.

Kuna kocha wetu mkongwe aliumia kweli, akanifuata, "Dada, kwahiyo sasa hivi na mimi ni mhalifu? Hawa watoto nimewalea." Nikamwambia Mwalimu, wewe kama ungekuwa mhalifu nisingekuwa nakuomba, ningekuwa nimekufukuza, nakuomba kwasababu watoto wanakuiga na vijana wa kujitolea wanakuiga, wewe ukiendelea kutoa mfukoni yule mwingine atajificha nyuma yako. Alikaa na hilo muda. Siku hizi ndo anawafundisha makocha wapya sheria zetu, na anawaambia kwa ukali kuliko mimi.

Ufunguo wa stoo sasa upo kwa watu wawili na stoo haifungwi na mtu mmoja akiwa na mtoto ndani, mlango umetobolewa dirisha, fundi alifanya kazi ya nusu siku na gharama yake haikufika hata bei ya bango letu la wafadhili. Watoto hawabebwi kwenye bodaboda ya kocha. Kambini ndo pagumu zaidi, nyie mnaojua UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, mnajua watoto wanalala madarasani kwenye magodoro yaliyopangwa sakafuni, patroni na matroni wachache, choo kipo mbali na taa hamna. Sisi kambi ikianza kitu cha kwanza tunachokagua kabla ya magodoro na kabla ya chakula ni njia ya kwenda chooni usiku, nani atamsindikiza mtoto wa miaka 10 saa nane usiku, na jibu haliwezi kuwa "mtu mzima mmoja". Wanaenda wawili wawili watoto wenyewe na mtu mzima anasimama pale mwanga unapoonekana na wenzake wanamuona. Wasichana taulo za kike zinakaa kwa matroni na kwa kapteni wao, hakuna msichana wa kumfuata kocha wa kiume kuomba.

Simu nazo. Kocha hamwandikii mtoto peke yake WhatsApp, kuna grupu na wazazi wamo, mzazi asiye na simu janja tunampigia. Ikishafika usiku grupu linanyamaza. Na wageni, hasa wanaotoka nje, wanakuja wiki mbili wanapenda watoto sana wanapiga picha wanaziweka mtandaoni na jina la mtoto na jina la mtaa, wengine wanabaki na namba za watoto wakirudi kwao wanaendelea kutuma hela moja kwa moja. Tunawakatalia kama tunavyomkatalia kocha. Kuna waliochukia, na kuna mmoja alipunguza msaada wake, tukaishi.

Sanduku la maoni tulilo nalo watoto walikuwa wanaweka maganda ya pipi. Sijaliondoa, ila nimeacha kulitegemea, watoto wetu hawaandiki mambo yao kwenye karatasi wakatumbukiza kwenye boksi lenye kufuli la mtu mzima. Wanaongea na mama wa jikoni, na mlinzi, na dereva wa basi, kwasababu hao hawatoi alama na hawapangi timu. Kwahiyo mafunzo yetu ya ulinzi yanaanzia kwao, wanalipwa posho ya mafunzo sawa na kocha, wanajua wakiona kitu wanamwambia nani na kama huyo mtu ndo mwenyewe anayehusika wanamwambia nani mwingine. Na kwenye milango ya vyoo, kwa ndani, tumepaka rangi namba 116, ile ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Chooni mtoto yupo peke yake, ana muda wa kuikariri bila mtu kumuuliza unaangalia nini.

Lakini linaloniuma zaidi mpaka sasa ni ajira. Yule kijana alikuja kwetu na barua nzuri ya utambulisho kutoka sehemu aliyokuwa anajitolea kabla. Baada ya kesi kuanza nilipiga simu kule, mtu akaniambia kwa sauti ya chini, "tulimwomba tu aondoke vizuri." Wakampa barua. Nilikata simu nikatoka nje nikasimama juani. Walifunika kombe, na mwanaharamu alipita kweli, akaja moja kwa moja kwetu.

Sio sisi tu. Uingereza, nchi yenye mpira wa hela zote zile, Novemba 2016 mchezaji wa zamani Andy Woodward alijitokeza hadharani akaeleza aliyofanyiwa utotoni na kocha wake Barry Bennell, na baada yake wakajitokeza wengine wengi sana. Bennell alihukumiwa miaka 30 jela mwaka 2018. Nilisoma habari zake zote na kilichonigonga ni jinsi alivyokuwa anawavuta, nyumba yake ilijaa mashine za michezo na wanyama wa ajabu, watoto wanaenda kulala kwake wikiendi na wazazi wanashukuru, halafu amezunguka klabu zaidi ya moja na wengine walikuwa na minong'ono. Ripoti huru ya Clive Sheldon ya mwaka 2021 ilisema chama cha mpira cha kule kilichelewa mno kuweka ulinzi hata baada ya kujua. Kwake ilikuwa mashine za michezo, kwetu ni nauli ya daladala, utajiri tu ndo umetofautiana.

Kwahiyo sasa mtu akiomba kazi au kujitolea kwetu, tunataka cheti cha polisi cha alama za vidole, na nakubali cheti hicho kinamkamata tu aliyewahi kukutwa na hatia, aliyeombwa aondoke vizuri cheti chake kisafi. Ndo maana barua siisomi sana, napiga simu. Sipigi namba aliyoniandikia tu, naitafuta namba ya ofisi mwenyewe, naomba niongee na aliyekuwa anamsimamia, nauliza swali moja, "Akija leo kuomba kurudi kufanya kazi na watoto, mtamchukua?" Mtu mwingine anajibu hapo hapo, hata leo mlete. Mwingine anakaa kimya, anakohoa, anasema "alikuwa mchapakazi sana." Sijauliza uchapakazi. Nikipata kimya cha namna ile simchukui mtu, hata kama timu haina kocha wa makipa, hata kama mkurugenzi ananiambia nachelewesha. Na sisi tukipigiwa kuhusu mtu tunajibu ukweli tunaoujua na ulio kwenye faili, hatumpi mtu barua tamu ili tupumzike.

Kijana wetu, yule beki, aliendelea kuja. Kuna muda aliacha mpira akawa anakaa kwa mama wa jikoni anamenya viazi, hakuna aliyemsukuma, ustawi walimtafutia mshauri nasaha na alienda. Njumu zile alizikabidhi polisi zikawa kielelezo. Zamu yake ya njumu ilipofika akachukua za kituo kama wengine, mstarini.

Sasa hivi kinachonisumbua ni watu wa majaribio. Wanatokea uwanjani na miwani na tisheti ya klabu, wanaongea na mzazi pembeni, kijana wako ana kipaji, nipe nimpeleke Dar, nimpeleke nje, hela ya pasipoti nitatoa mimi. Tena fadhila, tena pembeni. Wazazi hawajui kwamba sheria za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18 isipokuwa kwa hali chache sana zilizotajwa, kwahiyo mtu anayemuahidi mtoto wa miaka 14 klabu ya Ulaya mwezi ujao inabidi aeleze anapitia mlango gani. Tumeweka utaratibu, klabu iandike barua, tunaipigia klabu yenyewe, tunajua mtoto atalala wapi na kwa nani, na mzazi au mlezi anasafiri naye.

Juzi kati amekuja mmoja kumtaka mshambuliaji wetu, nikamkatalia kumchukua bila barua, akaondoka amenuna. Mama wa mtoto bado ana hasira na mimi, anasema nimemzibia mwanae riziki, tukikutana sokoni ananisalimia akiwa anaangalia nyanya. Namuelewa, ningekuwa na watoto wanne na mmoja anajua kufunga magoli hivyo na mimi ningechukia. Nimemwambia yule bwana akileta barua ya klabu na jina la mtu atakayempokea kijana, nauli ya mama na mtoto kwenda na kurudi tutalipa sisi, ofisini, waje wote wawili wasaini. Barua bado hajaleta.